Hema Jepesi na Mikono ya Mzee Mghendi

Jumamosi iliyopita nilipita stoo pale Voi kuwasalimia, nikawakuta wawili wenu mmepiga magoti juu ya hema jepesi, mnalikunja kama shati la kwenda kanisani. Ukingo kwa ukingo, pembe kwa pembe. Mmoja wenu, sitamtaja, alikuwa ametoa ulimi nje kwa bidii. Nilinyamaza, kwa sababu mimi sasa ni mstaafu, na mstaafu akianza kufoka stoo watu husema amekosa kazi nyumbani. Lakini njia nzima moyo uliniuma, na nilipofika tu nikatafuta kalamu. Kwa hivyo haya mnayosoma ni maneno niliyoyameza Jumamosi, nimeyapoza kidogo kabla ya kuwapa.

Miaka ishirini na minane nimefungasha mahema ya watu wanaotembea kwa miguu milimani. Nyinyi mnaniita Shangazi Mkawasi na mnadhani nilizaliwa nikijua. Aka! Mimi ndiye niliyeharibu hema zuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi stoo ile, na nililiharibu kwa kulikunja vizuri. Karibu nimharibie pia mtu niliyempenda kama baba. Mtu huyo ni Mzee Mghendi.

Wengi wenu hamkumwona kazini. Mzee wa Ronge, mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua la Voi likiwaka namna gani. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa mahema na ndiye aliyekuwa akiongoza wageni kupanda. Mimi nilikuja pale na miaka ishirini na mbili, nimetoka kushona mapazia sokoni, nikaajiriwa kutia viraka. Asubuhi ya kwanza akanisalimia kwa lugha ya nyumbani, "Kwawuka mana," halafu akaniuliza, "Umekuja kushona ama umekuja kufanya kazi?"

"Kwani kushona si kazi, Mzee?"

"Kushona ni kufuata nyuma makosa ya aliyefungasha. Njoo nikufundishe kutokosea."

Wakati huo mahema yalikuwa ya turubai. Hamyajui nyinyi, mshukuru. Hema moja lilibebwa na watu wawili, na likinyeshewa linataka watu wanne. Turubai unalikunja mara tatu kwa urefu, unaliviringisha, unalipigia magoti hadi litoe pumzi yake yote, ndipo unafunga kamba. Mzee Mghendi alikuwa fundi wa jambo hilo. Hema alilokunja yeye ungeweza kuliwekea kikombe cha chai juu na kisimwagike. Tukirudi safari, mahema yote yalipangwa kwenye meza ndefu, kila moja na kibandiko chenye jina la aliyelikunja, naye anapita polepole akiyatazama. Lililopinda analisukuma likaanguka chini. Unaokota, unaanza upya.

Juu ya meza ile palikuwa na ubao, na kwenye ubao alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: Asiyeweza kukunja hema likakaa mraba, hapandi mlima na wageni. Bosi wetu, Bwana Kilele, aliipenda sana sheria hiyo. Ilimpunguzia maneno.

Halafu mahema mepesi yakaja. Siku ya kwanza Mzee alinyanyua moja kwa vidole viwili, uzito wake kama pakiti ya unga ya kilo mbili, akalifungua, akalitazama kupitia dirishani. "Hili ni hema au ni shimizi?" Stoo nzima tulicheka hadi tukakaa chini.

Ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi ya maelezo, yenye picha. Nikaisoma, maana mimi husoma kila kitu, hata gazeti lililofunga nyama. Ilisema hema hili lisikunjwe, lisokomezwe. Kitambaa chake upande wa ndani kimepakwa utando mwembamba wa kuzuia maji, na ukikikunja mahali pale pale kila siku, utando ule unavunjika kwenye mstari wa mkunjo. Ukisokomeza, kila siku mikunjo inaangukia mahali pengine, na hakuna mahali panapochoka. Nikampelekea Mzee ile karatasi nikiwa na furaha ya mtoto aliyepata jibu darasani.

Akairudisha bila kumaliza. "Mkawasi, hema si nyasi ya godoro. Mtu mwenye heshima zake hasokomezi."

Basi nikaiweka karatasi kwenye droo ya nyuzi. Alikuwa mwalimu wangu. Akisema kunja, nakunja.

Ngojeni kidogo niwape ya Chala, kabla sijaingia kwenye ile inayoniuma. Tulipiga kambi kwenye boma la mkulima mmoja karibu na ziwa. Asubuhi wageni wakaenda kunywa chai, mlango wa hema umeachwa wazi. Mimi nilikuwa na haraka, nikang'oa hema, nikalifunga bila kulikung'uta, tukashuka. Kufika mjini Bomeni mgeni akalalamika begi lake linavuja kitu cha manjano. Kumbe kuku wa lile boma alikuwa ameingia hemani akataga, akaenda zake! Nililiosha hema hilo mara tatu, na mwaka mzima wenzangu waliniuliza kama safari hii nimebeba mayai. Kwa hivyo, kabla ya lolote, fungua zipu zote, shika hema kwa nyuma, linyanyue mlango ukitazama chini, likung'ute. Mchanga utoke, miiba itoke, nge atoke, na kuku wa watu abaki kwao.

Na zipu, jamani. Vumbi letu jekundu linakula zipu kuliko miaka inavyozila. Mswaki wa zamani, mkavu, pitisha kwenye meno ya zipu kabla ya kufunga. Mzee alikuwa na mswaki wake wa kazi hiyo kwenye mfuko wa shati, na kuna mgeni mmoja aliyedhani ni wa kinywa akamwambia aubadilishe, umechakaa.

Haya. Mikono.

Nilianza kuisikia kabla ya kuiona. Saa nne tukinywa chai, kikombe cha Mzee kilikuwa kinagonga sahani. Baadaye akaacha sahani. Halafu akawa anaomba nusu kikombe. Nilidhani ni uzee tu, lakini mtu mwenyewe alikuwa anapanda mlima akituacha sote tunahema nyuma. Kisha siku moja, wengine wameenda kula, nikarudi kuchukua leso yangu nikamkuta peke yake mezani na hema jepesi. Turubai lilikuwa gumu, ukiliweka linakaa. Kitambaa hiki kinateleza kama sabuni. Alikuwa anakutanisha pembe na pembe, mkono unaruka, pembe inakimbia, anaanza tena. Nilisimama mlangoni nikahesabu mara tano.

Akaniona. "Mkawasi, kitambaa hiki hakina adabu."

Nikacheka. Halafu nikaona alivyoiingiza mikono chini ya kitambaa, haraka, kama mtu anayeficha alichoiba. Kicheko kikanikauka mdomoni. Nilitazama ule ubao ukutani, naye akaniona ninavyoutazama. Mlima ndio uliokuwa maisha yake. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wako Mombasa. Mkimnyima mlima, mnamnyima kila kitu, na sheria ya kumnyima alikuwa ameiandika mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo nikawa namkunjia kwa siri. Akienda kunywa chai, mimi hujifanya natafuta uzi, nakunja la kwake chapuchapu, nalirudisha penye kibandiko chake. Nililikunja vilevile alivyokuwa akilikunja zamani, mstari juu ya mstari, ili Bosi asione tofauti hata akileta rula. Akirudi alikuwa anafunga tu kamba na kuendelea na kazi. Nilijiona mjanja. Nilijiona nina huruma pia, na nadhani kweli nilikuwa nayo. Tulikwenda hivyo mwaka mzima.

Tukapanda milima ya Ronge na wageni saba. Mimi nilikwenda nao kwa sababu zipu mbili zilikuwa zinasumbua. Ukungu ukashuka, na mvua ikanyesha hadi kunakucha. Asubuhi mgeni mmoja, mama mwalimu wa makamo, akatoka hemani amejifunika begi la kulalia linalochuruzika maji, midomo imebadilika rangi, meno yanagongana hata hawezi kutuambia jina lake. Mzee Mghendi alikuwa wa kwanza kumfikia. Akamvua koti lililolowa, akamvika sweta lake mwenyewe, akavua na ile kofia ya sufu akamvalisha. Ndiyo siku niliyojua kwamba Mzee ana kipara. Akamkalisha karibu na moto, akamshikia kikombe cha tangawizi, mikono yake inatetemeka na ya mgeni inatetemeka, chai nusu ikaishia chini. Baada ya saa moja mama wa watu akapata joto akaanza kuongea. Nilikuwa nimeomba Mungu ile saa nzima.

Ndipo nikaingia ndani ya lile hema. Matone yalikuwa bado yanaanguka kutoka juu, na yalikuwa yamejipanga. Mistari minne imenyooka, mmoja kila baada ya dhiraa. Niliijua kila mmoja. Nilikuwa nimeipiga kwa kiganja changu mwaka mzima. Nikageuza mfuko nikasoma kibandiko: Mghendi.

Tuliporudi Voi, Bwana Kilele akalitandaza kwenye meza ndefu, akamwaga maji juu, sote tumezunguka. Maji yakapita kwenye mistari ile ile. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mzee, hili ni lako. Yule mama angeweza kutufia huko juu."

Hebu fikirini nilivyokuwa. Nikinyamaza, Mzee anabeba kosa langu. Nikisema ni mimi niliyekunja, nimetangaza mbele ya watu wote kwamba yeye hawezi tena, na ubao uko pale juu ya kichwa chake. Nilifungua mdomo bila kujua nitasema lipi.

"Bosi, hilo hema..."

"Nyamaza kwanza, binti," Mzee akasema. Akasogea mezani, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya kitambaa, wazi, vidole vimetanda. Stoo ilikuwa kimya, na kitambaa kikaanza kupiga kelele ndogo, ile ya karatasi ya biskuti ikiguswa. Akaiacha mikono pale hadi kila mtu akaelewa anachosikia.

"Mwaka mzima sijakunja hema," akasema. "Mkawasi ndiye anayenikunjia. Alidhani sijui. Nilikuwa nakunywa chai polepole ili amalize."

Nikalia. Siwafichi. Nililia pale pale na leso nimeisahau nyumbani.

Bwana Kilele akainua macho kwenye ubao kisha akayashusha haraka, lakini Mzee alikuwa ameshamwona. "Soma tu, usione haya. Niliandika mimi." Na akaanza kutoa ufunguo wa stoo kwenye mshipi wake. Haukutoka. Vidole havikuweza kufungua ile pete.

Hapo ndipo hasira zikanipanda, na nyinyi mnazijua hasira zangu. Nikaivuta droo ya nyuzi hadi ikaanguka, nikaitoa ile karatasi, nikaipiga mezani mbele ya Bosi. "Hema hili limeharibiwa na mkono usiotetemeka," nikamwambia. "Mkono wangu mimi. Angelisokomeza Mzee kwa hiyo mikono yake, leo lingekuwa zima. Sheria ndiyo mbovu, si yeye!" Nikachukua hema lingine, zima, nikalimwaga mezani, nikaushika mfuko wake na kuufungua mdomo. "Mzee, sokomeza."

Alinitazama sana. "Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akashika ncha ya kitambaa, ile iliyo mbali na mlango, akaisukuma chini kabisa ya mfuko. Akashika konzi nyingine. Akasukuma. Na jamani, mtu anayesokomeza hatafuti pembe, hatafuti mstari. Anashika tu panapokuja. Mikono iliyokuwa ikiruka hewani ilipopata kitu cha kushika ikatulia, si yote, lakini ya kutosha. Hewa ilitoka kwa mlango polepole, mfuko ukajaa kwenye pembe zake, mimi nimeushika mdomo na yeye anasindilia. Hakuna mwingine aliyesaidia. Alipomaliza, akavuta kamba kwa meno, akaliweka mezani likabingirika kidogo, duara kama boga.

"Baya kulitazama," akasema. "Lakini limeingia."

Bwana Kilele alikuwa mtu mkavu, lakini siku hiyo nilimpenda. Alichukua kitambaa kibichi akampa Mzee. "Uliiandika wewe. Ifute wewe." Mzee akapanda kwenye kiti, tukamshikilia miguu, akaifuta. Halafu akanipa chaki mimi, maana mwandiko wake ulishaanza kupanda na kushuka, akasema niandike: Hema likauke, lihesabiwe, lisokomezwe. Baadaye nikayapitia maneno hayo kwa rangi yasifutike. Ubao huo upo hadi leo. Uko nyuma ya lile kabati la viatu mlilolisogeza nyinyi, na ndiyo maana Jumamosi mlikuwa mmepiga magoti.

Sasa nisikilizeni niwape yaliyobaki, ndilo somo lenyewe. Likauke: kwenye kivuli chenye upepo, si juani, jua letu hula kitambaa kile kimyakimya. Likibidi kufungwa likiwa bichi, ganda la nje liende peke yake nje ya begi, lisilowanishe la ndani, na mkifika lianikwe kabla hamjaketi. Lihesabiwe: vigingi vyote, kwa kuvigusa, na viwe na kifuko chao, visitoboe kitambaa. Fito kunjeni kuanzia katikati mkielekea nje, ndipo lastiki ya ndani ivutike sawa pande zote. Mkianza mwisho mmoja itakatika siku ya mvua, haijawahi kukatika siku ya jua. Na msizifunge fito ndani ya kitambaa. Zipite pembeni mwa begi, zisimame.

Mzee Mghendi alipanda milima miaka mitatu mingine. Magoti ndiyo yaliyomstaafisha, na akayalaumu waziwazi.

Mwezi uliopita nilikwenda Ronge kumwona. Anaishi na binti yake aliyerudi kutoka Mombasa kumtunza. Hanijui tena, au ananijua kidogo kisha ananisahau katikati ya sentensi. Mikono ilikuwa inacheza juu ya blanketi bila kupumzika, na binti yake akaniambia hivyo ndivyo kutwa nzima. Nilikuwa nimebeba hema moja kuukuu. Nikamwekea mapajani, nikafungua mdomo wa mfuko. Akakipapasa kitambaa. Akatafuta ncha iliyo mbali na mlango, akaipata, akaisukuma chini. Konzi baada ya konzi, mikono imetulia, uso umekunjamana kwa kazi. Alipofika mwisho akavuta kamba, akanipa.

"Liko tayari," akasema. "Nani anapanda?"

"Tunapanda wote, Mzee."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Baada ya muda mikono ikaanza tena kucheza. Nikalitoa hema mfukoni, nikalirudisha mapajani mwake, akaanza upya. Tulifanya hivyo hadi chai ikaiva.

Wiki hii nilishindwa kutia uzi kwenye sindano. Nilijaribu mara tano, nikaiweka chini nikaenda kumwagilia sukuma. Huenda ni macho. Lakini nitaendelea kupita stoo Jumamosi, na nyinyi mna macho mazuri, mtaona kabla yangu. Siku mtakapoona, wanangu, msinikunjie kwa siri na msiende kunywa chai polepole. Lisogezeni lile kabati, nisome ule ubao, kisha mniwekee hema mezani na mnishikie mdomo wa mfuko.